Nyasi za Asili Kwenye Kingo za Mto Songwe: Wakati wa Kukusanya Mbegu na Wakati wa Kuzimwaga

Kila mwaka mvua za Machi na Aprili zinapokolea, Mto Songwe huongezeka kina, hubadilika rangi ukawa kama chai ya maziwa, na huanza kumega kingo zake. Familia zenye mashamba ya mpunga kando ya mto, kuanzia Kasumulu hadi mahali mto unapoingia ziwani, zinaifahamu vyema sauti ya bonge la udongo linapoporomoka majini usiku. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890 yaliufanya mto huu kuwa mpaka, lakini mto wenyewe haukai mahali pamoja. Huhama, hukata kona mpya, na wapo wakulima ambao mashamba yao yamejikuta ng'ambo ya pili ya maji bila wao kuhamisha hata jembe. Ndiyo sababu Tanzania na Malawi zilitia saini mwaka 2017 mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huu.

Kazi kubwa za kudhibiti mto ni za serikali hizo mbili. Ipo, hata hivyo, kazi moja inayoweza kufanywa na kaya au kitongoji kwa gharama ndogo: kurudisha nyasi za asili kwenye kingo zilizoachwa wazi kwa kulimwa, kuchomwa moto au kukanyagwa na ng'ombe. Swali linaloulizwa mara nyingi ni wakati gani mbegu zimwagwe, na makosa mengi hutokea hapo.

Katika nchi zenye baridi kali, kama Marekani ya kaskazini, wakulima wana desturi ya kumwaga mbegu za nyasi mwishoni mwa majira ya baridi, ardhi ikiwa bado inaganda usiku na kuyeyuka mchana. Maji yaliyomo ndani ya udongo yakiganda hutanuka na kuuinua udongo juu. Yakiyeyuka, udongo hurudi chini na kuacha vitundu vidogo vingi kama sega la nyuki. Mbegu huteleza ndani ya vitundu hivyo bila jembe wala trekta. Aidha, nyasi nyingi za asili za huko hazioti mpaka mbegu zikae kwanza kwa wiki kadhaa katika unyevu na baridi. Sakitu humfanyia mkulima kazi mbili kwa pamoja: humfukia mbegu na kuziamsha usingizini.

Je, njia hiyo yaweza kutumika hapa? Kyela iko chini, kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na sakitu haijulikani kabisa. Huko juu Kitulo, katika miinuko inayozidi mita 2,500, sakitu huanguka katika usiku wa Juni, Julai na Agosti, na mtu angeweza kudhani kwamba wakazi wa huko angalau wanaweza kuiga. Hata wao haitawafaa. Sakitu ya Nyanda za Juu Kusini huja wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, na udongo mkavu ukipata baridi hauinuki wala hautoboki, kwa kuwa hauna maji ya kuganda. Mbegu iliyomwagwa Julai ingebaki juu ya ardhi miezi minne au mitano ikingoja mvua, huku chini ikitafutwa na mchwa na sisimizi, juu ikitafutwa na ndege, na moto wa kichaa ukipita katikati.

Kinachoweza kuchukuliwa kutoka kwenye desturi hiyo ni wazo lake: mbegu iwekwe ardhini kabla kidogo ya majira yake, kisha hali ya hewa iachiwe kumalizia kazi. Kyela kinachofanya kazi ya sakitu ni mambo mawili, ukavu wa udongo mwishoni mwa kiangazi na mvua za kwanza. Udongo wa tambarare za Kyela, hasa ule mzito wa mashamba ya mpunga, hupasuka unapokauka. Nyufa ndogondogo za juu hupokea mbegu kama vile vitundu vya sakitu vinavyozipokea kwingineko, na mvua ya kwanza ikinyesha udongo huvimba na kuzifunga. Nyufa pana zenye kina cha mkono ni jambo jingine. Hizo humeza mbegu zisionekane tena, na zinafaa kujazwa udongo kwanza kwa jembe la mkono.

Hivyo basi, kipupwe cha Kyela si wakati wa kumwaga mbegu. Ni wakati wa kuzikusanya na kuzipumzisha.

Nyasi zilizoota na mvua za Novemba huanza kutoa mashuke miezi ya Machi na Aprili, na kufikia Mei na Juni mashuke mengi yamekomaa. Kwa nyasi za Ginea, zile ndefu zenye shuke lililotawanyika kama mpunga usiosongamana, mbegu za ncha ya shuke hukomaa na kudondoka kabla za chini hazijawa tayari. Anayesubiri shuke lote likauke atakuta limebaki mabua matupu. Njia nzuri ni kukung'uta mashuke ndani ya mfuko au kanga kila baada ya siku mbili tatu kwa wiki mbili hivi, au kuyakata mashuke pale mbegu za juu zinapoanza kudondoka, kuyalundika kivulini siku tatu, kisha kuyapura kwa mkono. Nyasi za Rhodes, ambazo licha ya jina la Mwingereza aliyezitangaza kule Cape ni nyasi za Afrika tangu asili, hutambulika kwa shuke lenye vidole vingi vilivyokutana kileleni. Hukatwa shuke likigeuka kutoka kijani kuwa hudhurungi. Mbegu zake ni nyepesi mno, zina manyoya, na kilo moja huwa na mamilioni.

Mbegu zinazokusanywa hazina budi kuanikwa kivulini, juu ya mkeka au turubai, zikigeuzwa mara kwa mara mpaka zikauke kabisa. Jua kali la moja kwa moja huziua. Baada ya hapo huwekwa katika gunia la katani au la pamba linalopitisha hewa, juu ya kichanja, mbali na panya na mbali na joto la moto wa jikoni. Mfuko wa nailoni uliofungwa haufai Kyela: unyevu wa ziwa huingia kwa njia moja au nyingine na mbegu huvunda.

Miezi hiyo ya kukaa ghalani haipotei bure. Nyasi nyingi za asili za ukanda wa joto zina usingizi wao pia, ingawa si ule unaoamshwa na baridi. Mbegu za Rhodes zilizovunwa karibuni huota kwa shida, na huchangamka baada ya miezi mitatu hadi sita. Za Ginea zaweza kulala muda mrefu zaidi, hata mwaka mzima. Mtu aliyekusanya mbegu za Ginea mwezi Mei na kuzimwaga mwezi huohuo, kisha akalalamika kwamba hazikuota, hakudanganywa na mtu. Alizimwaga zikiwa zimelala. Kwa sababu hiyo wenye uzoefu hutumia mbegu za Ginea za msimu uliopita, na za Rhodes za msimu uleule.

Mwanzoni mwa Oktoba inafaa kupima uhai wa mbegu. Mbegu mia moja huhesabiwa, hutandazwa kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani, hufunikwa na kuwekwa kivulini, na kitambaa hunyunyiziwa maji kila siku. Baada ya siku kumi na nne zilizochipua huhesabiwa. Zikichipua hamsini au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikichipua ishirini au thelathini, bado zinatumika, ila kiasi cha kumwaga kiongezwe mara mbili. Zikiwa chini ya kumi, ni afadhali kuzihifadhi zipimwe tena mwaka ujao kuliko kupoteza nguvu za watu. Kipimo hiki hakigharimu chochote, nacho ndicho wengi wanachokiruka.

Suala la chanzo cha mbegu lahitaji uangalifu wa pekee. Mbegu zisikusanywe pembezoni mwa mashamba ya mpunga au mahindi yenye kiduha, lile gugu lenye maua mekundu linalonyonya mizizi ya mazao. Mbegu za kiduha ni ndogo kama vumbi, hujichanganya na mbegu nyingine bila kuonekana, na hukaa ardhini miaka mingi zikingoja mpunga upandwe. Aidha, kwa kuwa Kasumulu ni mpakani na mizigo huvuka kila siku, yafaa ikumbukwe kwamba mbegu za aina yoyote kutoka upande wa pili, hata gunia moja lililofungwa nyuma ya baiskeli, zinatakiwa kupita kwa wakaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Mbegu za kununua za malisho ziwe na lebo ya Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu, TOSCI. Anayetaka kununua au kupata ushauri wa aina ya nyasi anaweza kuuliza kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI, kilichoko Uyole, ambako ni safari ya basi moja kutoka Kasumulu.

Wakati wa kumwaga ni wiki mbili za mwisho za Oktoba hadi mvua ya kwanza ya kweli ya Novemba. Utabiri wa mvua za msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husaidia kujua kama mvua zitawahi au zitachelewa. Hatari kubwa ni mvua ya kudanganya. Kyela, kwa kuwa iko kati ya ziwa na milima, hupata rasharasha hata katikati ya kiangazi. Mbegu ikipata rasharasha huchipua, kisha siku kumi za jua huimaliza. Mbegu iliyomwagwa Septemba inakabiliwa na hatari hiyo mara nyingi. Iliyomwagwa mwishoni mwa Oktoba inakabiliwa nayo mara chache. Kwa tahadhari, yafaa theluthi moja ya mbegu ibakizwe nyumbani, kisha imwagwe juu ya udongo uliolowa baada ya mvua kushika. Hasara ikitokea upande mmoja, upande mwingine utafidia.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Eneo hufyekwa, na majani makavu hukusanywa pembeni bila kuchomwa. Udongo hukwaruzwa juujuu kwa reki au kwa tawi la miba linalokokotwa, kina cha sentimita mbili tu. Kulima kwa kina ukingoni mwa mto ni kosa, kwa maana udongo uliotifuliwa ndio wa kwanza kuondoka na maji. Kwa mbegu nzuri za Rhodes, kilo mbili hadi nne hutosha ekari moja. Mbegu za kukusanya nyumbani, ambazo zina makapi mengi, ziongezwe maradufu. Ukanda wenye upana wa mita tano na urefu wa mita mia moja ni sehemu ya nane ya ekari, hivyo kilo moja ya mbegu za nyumbani yatosha. Kilo hiyo huchanganywa na ndoo moja ya mchanga mkavu au majivu yaliyopoa, kwa sababu mbegu zenye manyoya hushikana na mkono wa mwagaji hauwezi kuzitawanya sawasawa. Mwagaji hupita na nusu ya mchanganyiko akiufuata mto, kisha hupita na nusu iliyobaki akiukatiza.

Baada ya kumwaga, mbegu zishindiliwe. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mbegu huachwa juu, upepo wa alasiri kutoka ziwani unazikusanya kwenye kona moja, na sisimizi wanafurahi. Kukanyaga kwa miguu kunatosha eneo dogo. Eneo kubwa laweza kupitishwa mbuzi au ng'ombe wachache kwa saa moja, kwato zao zikizididimiza mbegu. Lakini mbegu isizame zaidi ya sentimita mbili, maana chipukizi lake ni dogo na halina nguvu ya kutoka chini zaidi. Yale majani makavu yaliyowekwa pembeni sasa hurudishwa na kutandazwa kwa wepesi juu ya udongo, yaukinge na jua na matone makubwa ya mvua ya kwanza.

Si kila sehemu ya ukingo inafaa mbegu. Pale chini kabisa, panapofikiwa na maji kila mwaka, mbegu zitasombwa kabla hazijashika. Hapo ni mahali pa matete na mafunjo, na njia bora ni kuyaacha yaliyopo bila kuyakata wala kuyachoma. Mahali palipobaki wazi hupandwa vipande vya matete vyenye mizizi maji yanapokuwa chini. Katikati ya mteremko panafaa ukoka, ambao hutambaa na kuufunika udongo kama mkeka. Huo hupandwa kwa vipande vya mashina Desemba au Januari, udongo ukiwa umelowa, kila kipande kikiwa na vifundo vitatu na viwili vikiwa chini ya udongo. Mabingobingo nayo hupandwa kwa namna hiyohiyo. Juu ya mteremko, pasipofikiwa na mafuriko ya kawaida, ndiko mbegu za Rhodes na Ginea zinakostahili kumwagwa. Vetiva, inayosifiwa sana kwa mizizi yake mirefu, asili yake ni India, na ile inayopandwa kuzuia mmomonyoko haioti kwa mbegu bali kwa kugawanya shina. Si ya kukataliwa, ila isichukuliwe kuwa ndiyo nyasi pekee yenye uwezo huo.

Inapasa kusemwa wazi kile ambacho nyasi haziwezi. Katika kona ya nje ya mto, pale maji yanapopiga kwa nguvu na ukingo umesimama kama ukuta, mto huchimba chini kuliko mizizi ya nyasi yoyote. Ukingo wa namna hiyo utaporomoka na nyasi zake juu. Anayelima karibu na kona kama hiyo hana budi kurudi nyuma na kupanda ukanda mpana mbali na ukingo wa sasa, akihesabu kwamba sehemu yake itaondoka. Nyasi hufaa zaidi kwenye mteremko wa kiasi, mahali maji ya mvua yanapotiririka kutoka mashambani kuingia mtoni, na mahali mafuriko yanapopita kwa upole. Hapo hupunguza kasi ya maji, hunasa tope, na mwaka baada ya mwaka huujenga ukingo.

Tope hilo likinaswa, wanaofaidi si wakulima peke yao. Mbasa, samaki anayetafutwa sana sokoni, huacha ziwa wakati wa mvua na kupanda mito ili kutaga mayai kwenye changarawe safi. Changarawe ikifunikwa na tope, mayai hukosa hewa. Wavuvi wa mwambao wana haki ya kuuliza kinachoendelea kwenye kingo za mito juu yao.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa zinazoweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Nyasi zinazopandwa kuulinda ukingo hazigombani na sheria hiyo. Shamba la mpunga lililosogezwa mpaka majini linagombana nayo. Hata hivyo, kwa kuwa Songwe ni mpaka wa nchi, kikundi kinachotaka kupanda eneo kubwa kipeleke kwanza mpango wake kwa serikali ya kijiji na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa.

Linalobaki ni ng'ombe na moto, na hayo mawili hayatatuliwi na mtu mmoja. Desturi ya Kyela ni kwamba mpunga ukishavunwa, mifugo huachiwa kula mabua, nayo huzunguka hadi mtoni kunywa. Nyasi changa zikiliwa kabla mizizi haijashika hung'oka mzima. Ukanda uliomwagwa mbegu unahitaji kupumzishwa msimu wote wa kwanza wa mvua, na hata kiangazi kinachofuata yafaa nyasi zikatwe kwa mkono na kupelekewa mifugo, badala ya mifugo kuletwa kwenye nyasi. Kwa hiyo mkutano wa kijiji unapaswa kukubaliana mapema, kabla ya Oktoba, njia ya kupitisha ng'ombe kwenda kunywa maji iwe wapi, nani atawajibika mifugo ikiingia eneo lililozuiwa, na ukanda wa kuzuia moto ufyekwe lini. Njia ya ng'ombe iwe moja na iwekwe kwenye kona ya ndani ya mto, ambako ukingo ni mfupi na mto huweka mchanga badala ya kuuondoa. Afisa ugani wa kata anaweza kuitwa kuonyesha mahali hapo, na ni vyema aitwe Agosti au Septemba, maji yakiwa chini na kingo zikionekana zote.